Mwalo uliopandishwa mlimani: uchambuzi wa kisa kutoka Kigoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka mji mmoja wa kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na kinahusu uamuzi wa kuhamishia kilimani kazi ya kuanika dagaa. Majina ya kata, mtaa na watu nimeyaondoa. Wahusika nawataja kwa vyeo vyao au kwa kazi zao, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya mtu atambulike nimeyabadili bila kuvuruga mtiririko. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa mipango miji, maofisa afya, watendaji wa kata na vijana wanaosomea kazi hizo.

Darasani tunafundishwa kwamba sera ya mji hupitishwa na baraza la madiwani, kwa ushauri wa wataalamu, baada ya wananchi kusikilizwa. Hilo ni kweli kwenye makaratasi. Katika kisa hiki uamuzi ulipita hatua zote hizo bila kasoro ya kisheria, kisha ukageuzwa na watu ambao majina yao hayamo kwenye muhtasari wa kikao chochote. Ndiyo maana naona unafaa kusomwa kwa utulivu.

Usuli

Mji umebanwa kati ya vilima na ziwa. Sehemu tambarare ni ukanda mwembamba tu wa chini, na kila mtu anautaka: bandari, wavuvi, wauza mbao, wenye nyumba za kupangisha, wauza mawese. Kwenye ukanda huo kuna mwalo, yaani mahali pa kupakulia samaki ufukweni, ambao kwa miaka mingi umepokea dagaa wa usiku. Wavuvi hutoka jioni kwa vipe, mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili, wakiwa na taa, na hurudi alfajiri. Kazi hii hufuata mwezi. Wakati wa giza mwalo hauna pa kukanyaga. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti dagaa na watu hulala nyumbani.

Dagaa akishapakuliwa, kazi inahamia kwa wanawake. Hununua kwa beseni au ndoo, huanika, hugeuza, huokota, na jioni hufunga magunia. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Likichelewa au mvua ikinyesha, dagaa hubadilika rangi, hunuka, na bei hushuka papo hapo. Wengi walikuwa wakianika juu ya mchanga, wachache juu ya vichanja vya miti na nyavu. Dagaa wa chanja hana mchanga na hupata bei nzuri kwa wanunuzi wa Dar es Salaam na wa ng'ambo ya ziwa.

Tangu mwaka 2020 ziwa lilikuwa likipanda. Tanganyika hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa ufukweni. Mvua za msimu wa 2023/24 zilimalizia kazi. Nusu ya uwanja wa kuanikia ilimezwa, na pamoja nayo choo cha mwalo, chenye matundu sita, ambacho shimo lake lilijaa maji ya ziwa likaanza kuyarudisha nje. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na visima vifupi ambavyo kaya za bondeni huchota maji bomba linapokauka.

Mkoa huu unajua maana ya hali hiyo. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga kandokando ya ziwa hili hili, kipindupindu kilizuka na kuua watu. Afisa afya yeyote wa Kigoma akiona choo kimezama jirani na kisima, mambo mengine yote anayaweka kando.

Mipaka ya mamlaka nayo ina sura yake pale. Uvuvi una wizara yake, maafisa wake na kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali, BMU. Maji ya ziwa yako chini ya bodi ya bonde. Maji ya bomba ni ya mamlaka ya maji. Barabara inayoshuka mwaloni, ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri, iko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini tangu 2017. Taka zinazojaa kwenye mtaro wa barabara hiyo zimebaki kuwa za halmashauri. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za ufukwe shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi. Maji yakipanda, mita 60 nazo zinapanda. Kaya ambazo zilikuwa halali mwaka 2019 zilijikuta ndani ya eneo lililokatazwa bila kuhama hata hatua moja.

Yaliyotokea

Waanikaji walipokosa uwanja walitafuta penye jua. Dagaa wakaonekana pembezoni mwa lami, kwenye kiwanja cha mpira, juu ya mabati ya vibanda. Malalamiko yakaanza: harufu, nzi, magari yanayokanyaga mali za watu. Wakati huo huo zahanati ikaanza kupokea wagonjwa wengi wa kuhara kuliko kawaida ya msimu.

Kiongozi mmoja wa ngazi ya wilaya alifika mwaloni akiwa na msafara na kamera. Alitazama dagaa wa lami, akatazama choo, akatoa tamko: ndani ya siku 14 shughuli zote za kuanika dagaa zihamie eneo salama. Tazama mpangilio wa maneno yale. Choo ndicho kilichomtisha, dagaa ndio aliowahamisha. Kuanzia siku hiyo, kila waraka ulioandikwa ulikuwa na kichwa cha habari kuhusu dagaa.

Timu ya menejimenti ya halmashauri ilikutana na njia tatu mezani. Ya kwanza, kujaza kifusi na kuinua uwanja pale pale. Ya pili, kuhamishia kila kitu kwenye kiwanja cha halmashauri kilichoko juu ya kilima, mwendo wa dakika 20 kwa mtu asiyebeba kitu. Ya tatu, kugawa: mapokezi na uanikaji vibaki chini lakini nyuma ya mstari mpya wa maji, uhifadhi na mauzo ya dagaa mkavu yapande juu. Njia ya tatu ilitolewa na afisa afya wa kata, mama mmoja ambaye mwaloni walimwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa akiwakatalia. Muhtasari unaitaja kwa mstari mmoja: "ilionekana kuwa na gharama za usimamizi."

Ikapita ya pili.

Tarehe 15 Mei 2024 likaja jambo ambalo halikutokana na mji kabisa. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Mwalo ukawa mtupu. Kwa mhandisi hiyo ilikuwa bahati: angejenga bila kumsumbua mtu. Kwa mchumi pia, maana sehemu ya fedha ilitoka serikali kuu, na fedha hizo zisipotumika hadi 30 Juni huhesabika kurudi Hazina.

Mkutano wa kushirikisha wananchi ukaitishwa mwezi Juni.

Niliziona karatasi za mahudhurio. Zilikuwa tatu, zimejaa pande zote, zenye sahihi na alama za dole gumba. Mtu anayekagua kutoka mkoani angeridhika. Lakini safu ya "kazi" ilisomeka hivi: mkulima, mpagazi, fundi, mzee wa mtaa, mpagazi, bodaboda, mgambo, mpagazi. Waanikaji walikuwa wawili. Wenzao, ziwa lilipofungwa, walirudi vijijini kulima na kukaa na ndugu, kwa sababu hakuna anayeweza kulipa kodi ya chumba mjini miezi mitatu bila dagaa. Ajenda ya kuhamisha waanikaji ilijadiliwa na kupitishwa katika kipindi pekee cha mwaka ambacho hawakuwepo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Tarehe ilichaguliwa na kalenda ya fedha.

Eneo jipya lilikamilika kabla ya ziwa kufunguliwa: vichanja vya saruji, choo kizuri, kioski cha maji, geti moja la kuingilia. Ziwa lilifunguliwa mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza dagaa walikuwa wachache, wanawake waliokuwa wameshafika mjini walipanda navyo vibeseni vyao, picha zikapigwa, na taarifa ikaenda ngazi za juu kwamba eneo linafanya kazi vizuri.

Mtihani ulikuja na giza la mwanzo wa Septemba. Vipe vilirudi vimejaa. Ndoo ya dagaa wabichi ni maji matupu, na maji yana uzito. Wapagazi walitaja bei mpya ya kupanda mlima, na kila walipoona foleni inarefuka waliipandisha. Mwenye mtaji mdogo alipiga hesabu pale pale mchangani: bei ya kununua, ya kupandisha, ya kushusha magunia jioni kupeleka bandarini, ushuru. Faida haikuwepo. Na kulikuwa na saa. Ndoo za mwisho zilifika juu jua likiwa limeshakwenda, na dagaa wale hawakukauka siku hiyo.

"Mheshimiwa," mama mmoja alimwambia diwani aliyekuja kuwasihi, "wewe umetupa choo, tunakushukuru. Lakini dagaa hajisaidii chooni. Tungeomba choo kije huku, sisi tubaki."

Kabla giza lile halijaisha, karibu wote walikuwa wamerudi chini. Mgambo wakatumwa. Kulikuwa na asubuhi mbili za fujo, beseni zilimwagwa, na mpagazi mmoja aliumia mkono. Mwenyekiti wa mtaa alitakiwa kusaini orodha ya wakaidi, akakataa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba, na wale wamama ndio wapiga kura wake, na ndio wakopeshaji wa wapiga kura wake. Sheikh wa msikiti wa jirani akapeleka ujumbe kwamba operesheni isimame watu wazungumze. Ikasimama.

Daftari la afisa afya

Wakati wengine wakibishana kuhusu vichanja, afisa afya wa kata alikuwa na daftari. Tangu Aprili alikuwa akienda zahanati kila wiki na kuandika, kwa kila mgonjwa wa kuhara, mambo matatu ambayo kitabu cha zahanati hakiyaulizi yote: anaishi upande gani wa barabara, maji ya kunywa ameyatoa wapi, anafanya kazi gani. Pia alikuwa ameshinda mwaloni alfajiri kadhaa akitazama watu wanakwenda wapi kujisaidia baada ya choo kuzama.

Daftari lilionyesha jambo lililo wazi mtu akilisoma. Waanikaji hawakuwa kundi lililougua zaidi. Waliougua walikuwa watoto na watu wazima wa kaya za bondeni, wanaochota visima vile vifupi. Bomba liliporudi kwa wiki mbili mfululizo, wagonjwa walipungua, ingawa dagaa walikuwa wangali wanaanikwa barabarani. Kilichokuwa kinaumiza watu ni kinyesi na maji. Dagaa wa lami walikuwa kero, na kero inastahili kushughulikiwa, lakini haikuwa chanzo cha ugonjwa.

Alikuwa amewasilisha hayo mwezi Mei kwa maandishi. Barua ilipita kwa bosi wake, ikaambatishwa kwenye kabrasha la kamati, ikawa kiambatisho cha mwisho. Mwezi Oktoba, katika kikao kilichoitishwa baada ya fujo, alisimama akaisoma kwa sauti mbele ya diwani, mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa BMU, wawakilishi wanne wa waanikaji na mwanasheria wa halmashauri. Takwimu zile zile, meza tofauti.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kupandisha mwalo mlimani, si uamuzi wa wapumbavu. Sheria ya mita 60 ilikuwa hoja nzito. Hakuna mkurugenzi anayetaka kuandikiwa barua na mamlaka ya mazingira. Ardhi ya juu ilikuwa ya halmashauri, haikuhitaji fidia wala mthamini. Muda wa fedha ulikuwa unakatika. Na tamko lilikuwa limeshatolewa: mtaalamu angerudi kwa kiongozi aliyesema mbele ya kamera "hamisheni dagaa" na kumwambia tatizo ni choo? Wachache wangethubutu, na mfumo wetu haumtuzi anayethubutu.

Kulikuwa na sababu ya tano, ambayo haikutajwa sana kikaoni ila imo katika dokezo la idara ya fedha. Mwalo wa chini una njia nyingi za kutokea, na ushuru wa mazao ya uvuvi huvuja. Eneo la juu lina geti moja. Mkusanya ushuru mmoja mwenye mashine ya POS angemaliza kazi. Kwa maoni yangu, geti lile ndilo lililoua njia ya tatu, maana kugawa shughuli ni kugawa pia sehemu za kukusanyia. Hizo ndizo "gharama za usimamizi" za muhtasari.

Uamuzi wa pili ulichukua miezi. Mwanasheria alikisoma upya kifungu cha 57 na kutoa hoja kwamba vichanja vya miti vinavyohamishika si shughuli ya kudumu, mradi maji ya kuoshea yasirudi ziwani na vyoo vijengwe nje ya mita 60. Ofisi ya mazingira ya kanda na watu wa bodi ya bonde walikubali kwa masharti, kwa barua. Mwanzoni mwa 2025 kamati ya mipango miji na mazingira ilipokea pendekezo ambalo, ukilitazama vizuri, ni njia ya tatu ya afisa afya. Uanikaji nyuma ya mstari wa maji, juu ya vichanja tu, mchanga marufuku. Choo kipya chini, nje ya mita 60, upande wa mteremko usioelekea visimani. Visima vifukiwe baada ya mamlaka ya maji kuweka kioski bondeni. Jengo la juu liwe ghala na soko la dagaa mkavu.

Marufuku ya mchanga waliiomba waanikaji wenyewe, na hakuna mtaalamu aliyekuwa ameifikiria. Walisema: mkituachia mchanga, anayeanika chini atauza rahisi na kutuharibia soko sisi wa chanja, kisha mtasema wote tu wachafu.

Matokeo

Choo cha chini kilijengwa na kinatumika. Kioski cha bondeni kilikuja kwa kuchelewa. Visima viwili vimefukiwa, cha tatu mwenye nyumba amekataa na bado kinachotwa. Daftari la afisa afya linaonyesha msimu uliofuata wa mvua ulikuwa na wagonjwa wachache, lakini msimu mmoja ni ushahidi mwembamba na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kusema hivyo.

Ghala la juu lilipata uhai lilipogeuzwa soko la jioni. Dagaa mkavu ni mwepesi, bodaboda mmoja anapanda na magunia kadhaa. Vichanja vya saruji vya kule sasa wanakaa mama lishe.

Vichanja vya miti vilileta tatizo jipya. Miti na nyavu vinahitaji mtaji. Kikundi kimoja cha waanikaji kilijisajili na kuomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Walifanikiwa. Wasio na kikundi walikodi vichanja kutoka kwa wanaume watatu wenye vipe, waliowahi kujenga safu nzima za mbele. Leo mwanamke asiye na chanja hulipa kodi ya siku, na mwenye chanja ndiye huyo huyo anayemuuzia dagaa. Wajane wawili wazee waliokuwa wakianika mchangani kwa miaka wameacha kazi.

Ushuru unakusanywa sehemu mbili.

Uchambuzi

Nianze na mkutano wa Juni, kwa sababu aina hiyo ya mkutano inafanyika nchi nzima na kuandikwa kwamba ni shirikishi. Tunahesabu waliohudhuria, hatuulizi ni nani uamuzi utaangukia kichwani mwake na kama alikuwepo. Swali hilo lingejibiwa kwa dakika kumi na mwenyekiti wa BMU: wanawake wako wapi sasa hivi? Angejibu, wako Kasulu, wako Uvinza, watarudi Agosti. Gharama ya kusubiri, au ya kupiga simu ishirini, isingefika hata robo ya vichanja vya saruji vilivyobaki bila kazi. Wala hili si geni kwetu. Dar es Salaam ilipoingia katika mpango wa miji endelevu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1992, ikiwa ya kwanza Afrika kama mji wa mfano, kazi ilianzia kwenye mashauriano ya mji mzima na vikundi kazi vilivyochanganya maofisa, wafanyabiashara na watu wa mitaani, na miji mingine ya Tanzania iliiga baadaye. Njia tunazo. Tulichozoea ni kuzitumia fedha zikiwa zimeshapangiwa matumizi.

Jambo la pili ni tamko. Kiongozi aliyekuja mwaloni hakukosea kuja, na bila yeye halmashauri pengine ingekaa kimya hadi masika mengine. Nguvu ya tamko ni kuamsha. Ubaya wake ni kwamba linakuja na jibu ndani yake, na likishatangazwa, wataalamu hawalijadili tena tatizo, wanajadili utekelezaji. Ningekuwa mshauri wa kiongozi yule ningemwomba atoe muda bila kutaja dawa: ndani ya siku 14 niletewe chanzo cha kuhara huku na njia tatu za kukizuia. Kamera zingekuwa na habari ile ile.

Kuhusu afisa afya wa kata, nimeona watu wakimsifu kama shujaa, na nadhani sifa hizo zinatupotosha. Ushahidi wake ulikuwa sahihi tangu Mei na haukusaidia chochote hadi Oktoba. Kilichobadilika katikati ni waliokuwa wakimsikiliza. Mwezi Mei alikuwa akiongea na watu ambao daftari lake liliwaongezea kazi. Mwezi Oktoba waliomsikiliza walikuwa wakitafuta namna ya kutoka katika mgogoro bila kuonekana wameshindwa, na daftari likawapa njia: halikusema mlikosea, lilisema sehemu ya kazi imebaki. Mtaalamu wa ngazi ya chini anayesoma hapa azingatie hilo. Takwimu zisitupwe kwa sababu zimekataliwa mara moja. Ziwekwe vizuri, na tarehe iandikwe, maana ni tarehe ya Mei ndiyo iliyoifanya barua ile iaminike. Hakuna aliyeweza kusema ametunga baada ya fujo.

Kisha wapagazi. Katika orodha za wadau zinazoandaliwa kwa ajili ya miradi ya miji sijawahi kuona neno hilo. Hapa bei yao ya ndoo ndiyo iliyopiga kura ya turufu. Hawakugoma, hawakuandika barua, walitaja bei. Wenye vipe nao hawakusema neno kwenye mikutano yote miwili, na ndio waliovuna zaidi. Kimya chao kilipaswa kututia shaka. Mtu mwenye chombo, mtaji na nafasi ya mbele ufukweni asipotoa maoni juu ya ufukwe, amejua kwamba uamuzi wowote atauweza. Kikao cha Oktoba kilichofurahia kupata wawakilishi wanne wa waanikaji hakikuuliza wanne hao wanaanika kwa mtaji wa nani. Wawili walikuwa wake wa wenye vipe. Sheria ya vichanja tu, nzuri kiafya na kisoko, ilipita bila kifungu cha nani amiliki vichanja vingapi, na pengo hilo ndilo lililowatoa wale wajane.

Kundi jingine halikuwakilishwa popote, na ndilo lililougua: kaya za bondeni. Wapangaji wengi, hawana kikundi, hawalipi ushuru, hawana jina linaloitwa kikaoni. Hoja yao ilibebwa na mtu mmoja, yule wa daftari. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha wazo la miji yenye afya mwaka 1986, maneno yake makuu yamekuwa kwamba afya ya mji hutengenezwa nje ya hospitali, na idara zote na watu wenyewe. Ni kweli, na mwaloni ilionekana. Lakini "watu wenyewe" ni wengi, na wenye sauti miongoni mwao si lazima wawe wenye maradhi.

Kuhusu sheria, sikubaliani na wanaosema kifungu cha 57 ndicho kilichosababisha yote. Kilitumika kama ukuta pale uamuzi ulipotaka ukuta, na kikasomwa kama mlango pale ulipotaka mlango, bila nukta hata moja kubadilika. Mwanasheria wa halmashauri ni mtunga sera kama diwani, na angeitwa Aprili asingehitaji kuokoa jahazi mwaka uliofuata. Ziwa linaposogea, halmashauri zote za ufukweni zitahitaji tafsiri ya aina hiyo, iliyoandikwa na kubandikwa mahali watu wanaposoma.

Kubandika nako kuna historia mkoani. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliingia kwenye majaribio ya serikali za mitaa ya mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, kabla Tanzania haijajitoa mwaka uliofuata. Mpango umekwenda, ila hakuna sheria inayokataza mtendaji wa kata kubandika muhtasari na viambatisho vyake vyote kwenye ubao wa ofisi. Kiambatisho cha mwisho cha kabrasha la Mei, kingebandikwa mwaloni, kingekutana na wasomaji ambao kingewahusu.

Bado kuna kazi. Rasimu ya sheria ndogo inayoweka ukomo wa vichanja kwa mtu mmoja, na kutenga safu ya nyuma kwa wasio na vyombo, iliandaliwa na kutangazwa ili watu watoe pingamizi. Pingamizi lilikuja moja, kutoka kwa wenye vipe, safari hii kwa maandishi na kwa wakili. Baraza lilivunjwa katikati ya 2025 kuelekea uchaguzi mkuu wa Oktoba kabla rasimu haijasomwa, na hata ikipita itahitaji idhini ya waziri ndipo ianze kutumika. Afisa afya amehamishiwa wilaya nyingine. Daftari amemkabidhi aliyempokea, kwa kusainiana.